Oritsu na Mwanamke Asiyeonyesha Uso

Wanaume wa uchochoro wa nyuma ya hekalu, kule Asakusa, walikuwa wakionyana: ukitaka kumtania Yosaburo mambo ya wanawake, kwanza chungulia kama mkewe yupo. Maana Oritsu alikuwa na wivu usiochagua pa kukaa. Aliwahi kumfuata mumewe hadi hamamu ya mtaa, ufagio mkononi, kwa sababu tu alikawia kurudi na mke wa muuza figili alikuwa ametoka huko huko nywele zikichuruzika maji. Alipopanda orofani, wanaume wanakopumzika baada ya kuoga, alimkuta Yosaburo amelala fofofo, mdomo wazi, na vikongwe wawili wanacheza sataranji kando ya kichwa chake. Oritsu hakuomba radhi. Alifagiafagia pale mlangoni, kama mtu aliyeitwa kwa kazi hiyo, kisha akajiendea nyumbani.

Wala Yosaburo hakuwa mwanamume wa kugombewa. Alikuwa mfupi, mkimya, bega la kulia limejaa kuliko la kushoto kwa sababu ya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuchapa picha. Mchoraji akishachora, mchongaji huchonga mbao za mcheri, kila rangi na ubao wake, halafu mbao zinaletwa kwa mchapaji. Yosaburo hukaa mbele ya ubao, akaupaka rangi, akalaza karatasi, akaisugua mgongoni kwa kisugulio kilichofungwa ganda la mwanzi mpaka rangi ikaingia kama maji mchangani. Rangi moja, kisha nyingine, kisha nyingine.

Oritsu naye alikuwa na sehemu yake: kulowesha karatasi. Karatasi kavu hainywi rangi, na iliyolowa mno hutanuka, alama za kulinganishia mbao zikakosana, rangi zikahama mahali pake. Alipitisha brashi pana ya maji, akazipanga karatasi, akaziwekea kibao kizito juu ili zinywe unyevu sawasawa. Mkono wake ulikuwa mwepesi na Yosaburo hakuwahi kulalamika. Hakuwahi kusifu pia.

Wivu wake ulikuwa na mzizi. Kabla ya Oritsu kulikuwa na Mine, binti wa msokota kamba. Mambo yalikuwa yamefika mbali, hata samaki wa posa alikuwa ameshaagizwa. Ghafla Mine akabadili nia, akaolewa na mwenye kibanda cha chai kando ya Mto Sumida. Mshenga, asije akaonekana kazi imemshinda, akazunguka upesi upesi akamleta Oritsu kutoka Honjo, ng'ambo ya mto. Kwa hiyo Oritsu aliingia nyumba ile kama mtu anayekalishwa kwenye mkeka wenye joto la mwenzake. Wala hakufichwa. Kuta za uchochoro ule zilikuwa za mbao nyembamba. Mtu akipiga chafya nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho wanajua nani anamsengenya.

Mwaka huo Bwana Mikawaya, mwenye duka la picha kule Nihombashi, alileta kazi kubwa: picha za mji wa Edo, majira kwa majira. Watu walizipenda picha za namna hiyo kupita kiasi. Wageni wa mikoani walizinunua wakaenda nazo makwao, na wenyeji wakazibandika ukutani, wakakaa kulitazama daraja lile lile walilolivuka asubuhi. Ya kwanza ilikuwa ya majira ya maua: mlima wa Ueno umejaa micheri iliyochanua, mapaa chini yake, na mwanamke anavuka daraja. Uso hauonekani. Ni mgongo tu, na shingo, na kitambaa cha kichwa ambacho upepo umekiinua pembe.

Sampuli ya kwanza kitambaa kilikuwa cha kijivu. Ya pili, Yosaburo alikitia zambarau bila kuambiwa na mtu. Bwana Mikawaya akajipiga paja. "Hapo sasa! Jicho limepata pa kutua."

Picha ikauzika kama maandazi. Siku chache baadaye Oritsu alikuwa kisimani na Toyo, mke wa muuza tofu.

"Shoga," alisema Toyo akivuta kamba ya ndoo, "nimeiona ile picha ya Ueno. Nzuri, nzuri mno. Yule mwanamke wa darajani lakini..."

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, maskini. Kile kitambaa tu."

"Kina nini kitambaa?"

"Aa, mimi sisemi. Si unaujua mdomo wangu."

"Naujua. Ndiyo maana nangoja."

Toyo akaangaza kulia na kushoto, ingawa kila mtu pale alikuwa ametega sikio. "Mine alikuwa nacho kama hicho. Zambarau hivyo hivyo. Alipokuwa msichana akikatiza hapa, ungedhani ua la bwawani limeota miguu."

Oritsu alibeba ndoo yake akaondoka. Alipofika nyumbani ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa njiani.

Tangu siku hiyo akawa na mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe alikuwa na urefu wa kidole. Tena hakuondoka. Wanunuzi walimpenda, na mchoraji akaambiwa amrudishe katika kila picha. Majira ya mvua yalipoingia, huyo hapo tena kwenye daraja la Ryogoku: mvua inashuka kama nyuzi, wanaume wanakimbia na mikeka kichwani, yeye ameinamisha mwavuli na kitambaa kinachungulia chini yake.

Oritsu akaanza kumvizia mumewe kazini. Yosaburo, mtu wa kula wali bila kujua kama umeiva au umeungua, alipofika kwenye ubao mdogo wa kitambaa alibana pumzi. Aliifuta rangi pembeni kwa kitambaa cha majimaji ili ififie polepole, zambarau nzito mpaka nyepesi. Kisha akasugua taratibu, kwa ncha ya mkono, kama anayemkuna mtoto mgongo alale. Oritsu alikuwa na mgongo uliomuuma miaka yote, na mkono ule hakuwahi kuujua.

Siku moja ya joto, mlango umeachwa wazi na uchochoro mzima unasikia, ikamtoka.

"Leo umemsugua mara ngapi?"

"Nani?"

"Huyo."

"Oritsu, hii ni mvua ya Ryogoku. Kuna watu chungu nzima hapa wanakimbia."

"Na wote umewapitia kwa mkupuo mmoja. Yeye ndiye umemtengea mkono wake peke yake."

"Ana rangi yake. Kila rangi ina ubao wake. Leo hujui kazi hii?"

"Naijua sana. Najua pia sampuli ya kwanza kilikuwa kijivu."

Yosaburo angeweza kukana, au kucheka, au kumwita mwendawazimu, na Oritsu angeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Badala yake alichukua brashi safi akaisuuza.

"Bwana Mikawaya kaipenda," akasema mwishowe.

"Sijauliza aliyeipenda. Nauliza aliyeiwaza."

"Karatasi zinakauka."

Na kweli zilikuwa zinakauka. Oritsu akaenda kuzilowesha, analia kwa hasira, huku akijihadhari machozi yasidondokee karatasi.

Mpaka majani yalipoanza kugeuka mekundu alikuwa amekonda. Akaona heri aende akamwone mwizi wake uso kwa uso. Alivaa kimono chake cha kutokea, akafunga mkanda kwa nguvu kama anayekwenda vitani, akashuka mpaka mtoni. Njiani alitunga maneno. Alikuwa na maneno makali ya kumtosha mwanamke mwembamba mwenye shingo ndefu.

Aliyemkuta kibandani alikuwa na mwili wake, mikono ya kimono imefungwa kamba juu ya viwiko, mtoto mgongoni, meno yamepakwa weusi kama ya mke yeyote, na sauti ya kuvukisha watu mto bila mashua.

"Karibu dada, karibu! Miguu imekuisha? Kaa hapa, pana jua."

Oritsu akakaa. Kwenye nguzo, pembeni ya birika, ilibandikwa ile picha ya mvua ya Ryogoku, kingo zimekunjamana kwa mvuke.

"Hii umeipata wapi?"

"Nimenunua. Mume wangu kaninunia mpaka leo. Unaipenda?"

"Wanasema huyo ni wewe."

"Mimi?" Mine akaweka birika chini. Akaitazama picha, akajitazama, kisha akacheka mpaka mtoto akaamka. "Nani kanitukana hivyo? Dada, mimi sijawahi kuwa mwembamba namna hii hata tumboni mwa mama!"

"Na kitambaa?"

"Kitambaa nilikuwa nacho. Nani hakuwa nacho mwaka ule? Sikiliza nikwambie. Juzi mke wa mvushaji kasimama hapo ulipo, anasema yule ni yeye, siku aliyomkimbilia mumewe na mwavuli. Mwalimu wa zeze wa huko Yanagibashi naye ni yeye. Yule bikizee wa viazi vya kuchoma, mgongo umekunjika kama ndoana, naye ni yeye enzi zake. Hana uso, dada. Asiye na uso ni wa kila mtu." Akammiminia chai. "Kwani wewe wa wapi?"

"Mimi ni mke wa mchapaji."

Kicheko kikamkauka Mine. "Wa Yosaburo."

"Wa Yosaburo."

Mine akambembeleza mtoto kwa kujitikisa kidogo, macho mtoni. "Hajawahi kukanyaga hapa, kama ndilo unalotaka kujua. Akivuka daraja hili hupita upande ule wa mbali. Nilidhani ananichukia."

Oritsu alikunywa chai, akashukuru, akaondoka na maneno yake yote makali, hakutumia hata moja. Alikuwa ameambiwa mumewe hana hatia, na bado kifua kilikuwa kizito. Mwanamume anayekwepea upande wa mbali wa daraja kila mwaka, kila majira, ni mtu anayekumbuka. Alipita dukani kwa makusudi akasimama mbele ya picha zilizotundikwa. Akamtazama mwanamke wa zambarau kwa muda mrefu, akijaribu kujiona. Hakujiona. Mji mzima wanawake walijiona mle, isipokuwa yule aliyelowesha karatasi.

Kisha ikaja baridi, na picha ya theluji. Hiyo ndiyo Bwana Mikawaya alikuwa akiiwekea matumaini, maana ilikuwa ya kuuzwa Mwaka Mpya. Lango kubwa la hekalu limefunikwa, mto mweusi, mji mweupe, na yule yule, mdogo, anavuka daraja peke yake.

Alasiri moja Yosaburo aliitwa dukani, Oritsu akabaki na rundo la karatasi. Hakupanga jambo. Alipitisha brashi kama kila siku, ila mawazo yalikuwa darajani, upande wa mbali. Brashi ikarudia pale ilipokwisha kupita. Akaona. Angeweza kuitoa ile karatasi. Badala yake akachovya tena, akalowesha upande mmoja mpaka ukalegea, upande mwingine akauacha mkavu, akaendelea hivyo hadi mwisho wa rundo, meno ameyauma. Akaweka kibao kizito juu, akaenda kumenya figili.

Kesho yake Yosaburo aliinyanyua karatasi ya kwanza, akaishika kidogo vidoleni, akamtupia mkewe jicho. Muda ulikuwa umewabana. Akachapa, akijaribu kuivuta karatasi huku na kuisukuma kule ili alama zikutane, na kila ubao ulipoongezeka mambo yaliharibika zaidi. Mapaa yakawa na kingo mbili mbili. Mto ukapanda ukingoni. Na kitambaa cha zambarau kikamtoka mwanamke kichwani, kikaenda kukaa juu ya maji.

Bwana Mikawaya aliingia mwenyewe, theluji begani. Aliiokota moja.

"Hiki nini, fundi? Kilemba cha mtu kinaogelea!"

"Mkono wangu, bwana," alisema Yosaburo. "Baridi imenishika mkono."

"Mwaka Mpya utaungoja mkono wako?"

"Hapana, bwana."

"Basi nizolee mbao zangu. Nampelekea Kamezo."

Kamezo alikuwa mchapaji wa Ryogoku, mwanamume aliyefiwa na mkewe, na jina lake lilikuwa halitajwi nyumbani mle kwa kuwa alisifiwa kila mahali. Mbao zilifungwa zikaondoka. Oritsu alikuwa nyuma ya mlango wa karatasi, amesikia yote. Alitoka akakaa chini.

"Ulijua."

"Karatasi iliniambia nilipoishika."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nini? Mke wangu anaionea wivu karatasi? Edo nzima ingecheka mpaka micheri ichanue."

"Bora ungenipiga."

"Kwa mkono gani? Si nimeshasema mbovu."

Nusura acheke, ndipo kilio kikamtoka. Alipotulia akauliza lile alilokuwa akilizunguka tangu majira ya maua.

"Ni Mine?"

Yosaburo alifikiri sana. Hakuwa mtu wa kuwa na maneno karibu. "Alikuwa Mine. Ile ya kwanza, ya Ueno, nilimuwaza. Nilitaka nijue kama bado inauma. Kufika mvua ya Ryogoku haikuwa yeye tena. Nilikuwa nawaza zambarau tu, namna ya kuififisha."

"Na mimi unaniwaza lini?"

"Wewe uko hapa."

"Hilo si jibu, Yosaburo."

"Najua."

Ukweli ule ulimchoma, lakini ulimchoma mahali pamoja. Shaka ilikuwa ikimchoma mwili mzima. Asubuhi yake alivaa mitalawanda, akakata theluji hadi Nihombashi, akamweleza Bwana Mikawaya mbele ya wafanyakazi wake kwamba mkono wa mumewe mzima na ni yeye aliyeharibu. Bwana Mikawaya alimsikiliza mdomo wazi. Akasema mbao hazirudi, Kamezo ameshaanza. "Lakini kazi ya maua nitaileta kwenu," akaongeza. "Karatasi yako, bibi, ni njema kuliko roho yako."

Mwaka Mpya theluji ya Kamezo ikatundikwa dukani, na watu wakajazana. Yosaburo akaenda kuiona, Oritsu nyuma yake. Kamezo hakuitia theluji rangi yoyote. Aliikandamiza karatasi tupu juu ya mchongo mpaka ikaumuka, mapaa yakavimba meupe, mtu akatamani kuyagusa. Mbingu ilififia kutoka kijivu hadi giza bila kuonyesha ilipoanzia.

Oritsu hakuitazama picha sana. Alimtazama mumewe. Taya imekaza, macho yanatembea kutoka pembe hadi pembe yanatafuta kasoro. Aliufahamu uso huo. Alikuwa akiuona ndani ya ndoo ya maji mwaka mzima.

"Ile theluji ya pembeni imezidi," alisema Yosaburo.

"Imezidi?"

"Kidogo."

"Haijazidi hata chembe. Ni nzuri. Inakuuma kwa sababu ni nzuri."

"Nyamaza, bibi we."

"Leo usijilazimishe kula, hutaweza. Kesho utakula kidogo. Usimseme kwa watu, maana ukianza hutaacha, jina litakuota mdomoni. Na usipite upande wa mbali wa daraja. Nenda ukamwone."

"Nani?"

"Kamezo. Mimi wangu nilikwenda nikamwona."

Yosaburo akageuka. "Ulikwenda kwa Mine?"

"Nilikwenda. Ana mwili, anacheka vizuri. Chai yake nzito."

Kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze, mumewe alicheka, ingawa jioni hakugusa chakula, kama alivyoambiwa. Alihangaika. Aligeuka geuka. Oritsu alimpikia uji, akamketia karibu, hakumwambia apige moyo konde, maana alijua maneno hayo hayasaidii kitu. Yeye ndiye mkunga wa ugonjwa ule.

Hata siku moja Yosaburo akajikaza akaenda Ryogoku. Alirudi ananuka pombe ya sake, macho yanang'aa, anasema kabla hajavua viatu.

"Kwa kiwiko, Oritsu! Anakandamiza kwa kiwiko! Mimi nawaza kifaa gani, kumbe mtu anainama na kiwiko chake!"

Akasema mpaka chai ikapoa. Oritsu alikuwa hajawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo, akafurahi, akajipongeza.

Kamezo naye akaja kulipa ziara. Kisha akaja tena. Micheri ilipochanua alikuwa anakuja kila jua likitua, na madonge ya wali na chupa, wanakaa na mumewe kando ya jiko la mkaa, wamezungukwa na karatasi, wanabishana kuhusu ukungu, namna gani uuanze na namna gani uuache. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye kusalimia vizuri.

"Shemeji," alimwambia siku moja, "unajua mumeo ananiudhi? Haishi kuisifu karatasi yako. Anasema bila mkono wako yeye si kitu."

"Kasema hivyo?"

"Kila siku."

Oritsu akatabasamu kwa adabu, akatoka na ndoo. Kwake hajawahi kusema hivyo hata mara moja.

Kisimani Toyo alikuwa anaosha mboga. "Siku hizi umetulia, shoga. Wivu umekuisha?"

"Umekwisha," alisema Oritsu.

Kutoka nyumbani kikaja kicheko cha wanaume wawili, halafu sauti ya Yosaburo ikianza kisa cha utotoni, cha kaka yake na kobe wa hekaluni, kisa ambacho mkewe, katika miaka yote ile, hakuwahi kukisikia. Kamezo akaitikia, "Enhe? Enhe?" Oritsu aliiachia kamba, ndoo ikashuka hadi majini peke yake.

"Toyo," akasema, "kwani huyo Kamezo hana kwao?"